Kichwa Nusu

Mwezi wa kumi, saa saba mchana, Chipanga.
Jua limekaa juu ya mabati kama mdai
aliyeambiwa subiri, akasubiri kweli.
Mbuzi wa Ndahani wamejibanza kwenye kivuli cha choo.
Mimi nina mashine mkononi
na mbele yangu, kwenye kiti cha plastiki kilichoshonwa kwa waya,
Mzee Chilewa, kichwa nusu.

Kushoto kunang'aa kama sufuria ya harusi.
Kulia bado ni pori la mvi.
Saa tisa anamkabidhi binti yake kanisani.
Mashine ikakohoa mara moja, ikanyamaza,
na pale ukutani, kwenye kisanduku, taa nyekundu:
siku zako zimekwisha, lipa.

"Umeme umekatika?"
Haujakatika, mzee, umefungwa.
"Umefungwa na nani? Jua si lile?"
Akanyoosha kidole nje, na nje palikuwa peupe
hadi macho yanauma.

Jua ni la Mungu, Mzee Chilewa,
ila kufuli ni la kampuni,
na ufunguo hutumwa kwa simu,
elfu moja mia tano kwa siku,
miezi thelathini na sita.

Nisiseme uongo. Kabla ya bamba hili nilikuwa nani?
Mkasi, kitana, wateja watatu kwa wiki, wote ndugu.
Nyumbani kibatari kililamba ukuta mpaka ukawa mweusi;
Nyemo akisoma usiku, asubuhi anapenga masizi.
Simu nilimpa bodaboda aende nayo Bahi kuichaji,
siku mbili sina habari ya dunia.
Ndiyo maana msiba wa mama ulinikuta
shambani, nacheka.

Sasa kuna taa tatu. Kuna redio.
Nyemo anapiga hesabu za sehemu kwa sauti,
na sikujua kama mtoto akikosea hesabu
sauti yake inaweza kuwa tamu hivi.

Lakini yule kijana wa mauzo, mwenye fulana ya njano,
alisema "jua halina bili", akacheka, tukacheka naye.
Hakusema habari ya vumbi
linaloingia bila hodi, likalala juu ya kioo,
hata kila alfajiri napanda ngazi
na kipande cha kanga na kikombe cha maji,
kimoja tu, maji yenyewe ya kununua.
Hakusema betri nayo huzeeka.
Mwaka wa kwanza ilikesha nami.
Mwaka wa pili ikawa inasinzia saa nne.
Siku hizi saa mbili na nusu inaaga, kama mkwe.
Na Februari, mawingu yakikaa siku nne,
tunashukuru mvua kwa ajili ya uwele
huku tunawasha kibatari kile kile,
mlango tumeurudishia.

Nikakimbilia kichuguuni, maana mtandao wa Chipanga
unaishi juu ya kichuguu.
Salio: elfu moja na mia mbili.
Mia tatu! Mtu anakwama kwa mia tatu
chini ya jua la kukausha mfupa.
Wakala naye kafunga duka,
yuko kwenye masufuria ya pilau,
harusi hiyo hiyo.

Niliporudi, mzee alikuwa amelowesha kichwa mwenyewe,
na wembe ameshautoa kwenye karatasi yake.
"Nyoa," akasema. "Huu hauna kufuli."
Nikanyoa. Mkono ulikuwa umesahau,
ukamkata mara mbili, karibu na sikio.

Akajitazama kiooni, akapapasa kushoto, akapapasa kulia.
"Huku ni jua, huku ni mkono.
Kutaota wapi kwanza?"

Nikamwambia arudi baada ya wiki mbili, tuone.
Miezi tisa bado nadaiwa.